Zimwi na Konokono Asiye na Gamba

Kaeni vizuri niwasimulie habari za mpumbavu mmoja mwenye meno mengi.

Zimwi huyo alimkamata Bi Mize akiokota chaza mwambani, maji yamekupwa. Kabla ya kumla, akameza kaa na gamba lake, akameza samaki taa na mwiba wake wa mkiani, kisha akamwona konokono wa bahari, uchi, wa rangi za kung'aa.

Bi Mize hakuona haja ya kupoteza uongo kwa zimwi mpumbavu kama huyu; ukweli ulitosha.

“Huyo mwache, bwana. Hula sifongo za baharini zenye sumu, na sumu yenyewe huiweka mgongoni. Hata samaki humpisha.”

“Mwanamke wa kunifundisha kula!”

Akammeza. Ulimi ukavimba ukaziba kinywa, hata punje isipite.

“Si nilikwambia?” alisema Bi Mize, akajitwisha kapu lake la chaza, akaenda zake.

Zimwi akabaki pale. Hakuna aliyeuliza habari zake.