Mahudhurio ya Vishikwambi

Paukwa! Pakawa! Palikuwa na shule kichakani; kengele hulia, watoto hawamo ndani.

Hapo zamani za kale wanyama walikuwa na shule, na mwalimu mkuu wake alikuwa Bi Nungunungu. Miiba mingi, moyo laini. Aliwapenda watoto, na cheo chake nacho alikipenda, tusifichane.

Siku moja Bwana Kiboko, Afisa Elimu wa bonde zima, akatoa amri kutoka dimbwini kwake. Kila mwanafunzi apewe kishikwambi, kile kibao cha umeme cha kusomea. Kishikwambi kikifika darasani, mwanafunzi amehesabiwa. Na shule ikiwa na mahudhurio mabovu, mwalimu mkuu avuliwe cheo.

Vishikwambi vikaja. Fuko hana macho, akapewa. Chatu hana vidole, akapewa.

Ngedere ndiye aliyeanza. Asubuhi akaja, akakilaza kishikwambi chake juu ya dawati, akamwamkia mwalimu, akageuka kwenda kula matunda. Bi Nungunungu akamuuliza anakwenda wapi.

"Mwalimu, mimi nipo," akajibu kwa adabu. "Tazama, nimeshahesabiwa."

Bi Nungunungu akatazama. Kweli, alikuwapo.

Kesho yake Fuko akafanya vivyo hivyo. Chatu naye. Swala naye. Hata juma halijaisha, madawati yamejaa na watoto hakuna. Moyo ulimuuma Bi Nungunungu, lakini akikumbuka cheo, anapeleka hesabu kwa Kiboko: wote wapo. Akafundisha hivyo hivyo. Akisema hamjambo, vinajibu: ting, ting, ting. Akiuliza swali: ting. Akitia mzaha: ting. Hapo kwenye mzaha ndipo alipotamani kulia.

Sifa zikamfikia Kiboko. Akaahidi kuja mwenyewe kumpongeza. Siku ilipofika, Bi Nungunungu akafagia uwanja, akachana miiba, akangoja. Akaja Punda peke yake, amebeba kishikwambi cha Kiboko. Akakiketisha kwenye kiti cha mgeni rasmi, akakivisha shada la maua, akaenda zake kula majani.

Kishikwambi kikahutubia. Kikasifu nidhamu, kikasifu utulivu, kikasema hakijapata kuona watoto wasikivu namna ile. Vishikwambi vya watoto vikapiga makofi: kwa, kwa, kwa. Kisha mgeni akaomba maji ya kunywa. Bi Nungunungu akasimama na kata ya maji mkononi, hajui amnyweshe nani.

Akatoka nje na kata yake. Akasikia vicheko mtoni, akavifuata. Watoto wote wako huko, wanavuka kwa kukanyaga magogo. Swala ameinua mguu, akanyage gogo la mwisho.

Gogo likapumua.

"Swala," mwalimu akaita, "gogo lenye macho ni nini?"

Swala akafikiri, mguu ungali juu. "Hilo hatujafundishwa, mwalimu."

Lilifundishwa Jumatatu, wapenzi wangu. Madawati yalijibu ting.

Bi Nungunungu akaitupa kata. Akakimbia, kacha kacha kacha, akajirusha, akakaa juu ya pua ya Mamba. Chomo! Mamba akapiga mkia, akazama, chubwi, analia kwa uchungu. Swala akaangukia matopeni, mzima. Mwalimu akatoka majini, nusu ya miiba yake imebaki puani kwa Mamba. Akawakumbatia watoto, kwa mbali kidogo, kama nungunungu wanavyokumbatia.

"Nilijua hampo," akawaambia, "nikasema mpo. Kaeni chini. Tunaanza upya."

Akawafundisha palepale ukingoni, hadi jua likawachwea. Huko shuleni vishikwambi vikaishiwa chaji, kimoja kimoja, zii. Mahudhurio yakasoma sifuri. Kiboko akamfukuza Bi Nungunungu kwa kosa la kuwa na shule isiyo na watoto, na siku hiyohiyo akamteua mwalimu mkuu mpya: kishikwambi. Wanasema kinaongoza vizuri, kikichajiwa.

Na watoto? Kila asubuhi waliipita shule hiyo kimya kimya, wakateremka mtoni kwa mwalimu wao.

Basi wakubwa kwa wadogo, shikeni hili: kuhesabiwa si kufundishwa. Anayelinda cheo kwa hesabu ya uongo huwaacha watoto mdomoni mwa mamba.

Hadithi yangu imekomea hapo. Aliyesinzia amuulize jirani yake.