Boksi Lenye Jina la Noa

Wahenga walipotuambia mchawi tumpe mtoto atulelee, hawakuwa wamelewa tembo la mnazi. Walijua kwamba mtu anayetazamwa na mtaa mzima hujichunga kuliko yule anayeaminiwa, maana jambo dogo tu likitokea, lawama ni yake. Anayebisha na asikilize yaliyomfika Bertha wa Nguvumali.

Bertha, mke wa Nehemia fundi mwashi, alikuwa amepanga chumba katika nyumba moja ya Kiswahili mjini Tanga. Upande wa pili wa ukumbi alikaa Bi Mboni, mjane wa makamo ya bibi, aliyehamia kutoka Kigombe. Bi Mboni aliokota maboksi matupu madukani, ya sabuni, ya biskuti na ya mafuta ya kula. Aliyakata kwa kisu cha jikoni, akayagandisha kwa uji mzito wa unga wa muhogo uliochemshwa na majani ya mwarobaini ili mchwa na mende wasiyaguse, kisha akayavisha vipande vya kanga kuukuu. Yakikauka yalikuwa masanduku mazuri ya kuwekea nguo za watoto. Aliyapanga ukutani hadi darini, yote yamejaa vishati na vigauni vilivyokunjwa vizuri. Ajabu ni kwamba chumbani mwake hamkuwa na mtoto hata wa dawa.

Mchana wa jua kali, wapangaji wengine wakiwa kazini, Bertha alisikia kile kisu kikikwaruza maboksi. Kisha kisu kilinyamaza, na sauti ya bibi ikaanza kunong'ona, ikisita na kuendelea kama ya mtu anayejibiwa. Alipochungulia, Bi Mboni alikuwa peke yake na maboksi yake.

"Shoga, umewahi kujiuliza nguo zile ni za nani?" Ruthi, rafiki yake wa kwaya, alimwuliza siku moja.

"Za nani?"

"Za watoto ambao hawapo," Ruthi akajibu, akajifunga kanga vizuri kana kwamba kuna baridi.

Bertha alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Siku chache baadaye alitoka uani na ndoo ya maji, akamkuta Bi Mboni amechutama ukumbini. Noa, mwanawe wa pekee, ambaye ndiyo kwanza ameacha ziwa, alikuwa amelala fofofo mkekani. Bibi alikuwa amenyoosha uzi mweusi kutoka utosini mwa mtoto hadi kisiginoni. Bertha alitua ndoo. Nani asiyejua kwamba mtu aliyelala hapimwi, na kwamba anayepimwa kwa urefu wake ni yule anayechimbiwa kaburi?

"Unafanya nini, bibi?"

"Nampima, mama Noa. Anakua huyu." Bi Mboni aliutazama uzi, mahali palipokuwa na fundo, akashusha pumzi. "Bado kidogo," akasema, akaingia chumbani mwake.

Kesho yake mlango wa bibi ulikuwa wazi. Chini ya maboksi mengine palikuwa na boksi jipya, refu kuliko yote. Juu ya kifuniko chake zilibandikwa herufi zilizokatwa kwenye kanga nyekundu: NOA. Bertha alirudi chumbani kwake. Alimpigia simu mumewe, aliyekuwa Mkwaja akijenga nyumba ya mtu, akamsihi watafute chumba kwingine. Nehemia alimtania kwamba hata Tanga nzima akihama atawakuta vibibi tu, lakini akakubali kwamba kazi ikiisha watahama. Tangu siku hiyo Noa hakuguswa na mkeka wa ukumbini. Akawa mgongoni mwa mama yake asubuhi na jioni.

Homa nayo haikusubiri wahame. Ilimwangusha Bertha uani akianika nguo, Noa akalia mpaka Ruthi akaja mbio kutoka nyumba ya pili. Bajaji iliitwa. Bertha alikuwa hawezi hata kukaa, ilibidi Ruthi amkumbatie kwa mikono yote miwili. Mtoto je? Nyumba ilikuwa tupu. Ni mlango mmoja tu uliofunguka, na Bi Mboni akasimama hapo, vidole vimeganda uji wa muhogo.

"Mlete kwangu."

Ruthi alirudi nyuma hatua moja.

"Najua mnayonisema, masikio ninayo," bibi akasema. "Basi ndiyo mnipe mimi. Huyu akipiga hata chafya, nani mtaa huu asiyekuja mlangoni kwangu na kiberiti?"

Bertha alitaka kukataa, lakini ulimi ulikuwa mzito. Jambo la mwisho aliloliona kabla bajaji haijaondoka ni mkono wa mwanawe juu ya bega jembamba la Bi Mboni, likigeuka kuingia kwenye chumba cha maboksi.

Hospitali alilazwa. Kila alipofumba macho aliliona boksi refu likifunikwa. "Noa yuko wapi?" aliuliza, na Ruthi, aliyebaki kumwuguza bila kufika nyumbani, alilia badala ya kumjibu. Aliporuhusiwa, aliingia nyumbani akiegemea bega la Ruthi, adhuhuri. Ukumbi ulikuwa kimya. Mlango wa Bi Mboni ulikuwa wazi nusu, na katikati ya chumba, peke yake sakafuni, lilikaa boksi la Noa. Kifuniko kilikuwa kimefungwa.

Bertha alipiga magoti. Kifuniko kilimshinda mara ya kwanza. Kilipofunguka, harufu ya mwarobaini na udi ilimpanda puani. Ndani mlikuwa na nguo za mwanawe zote, zimefuliwa, zimepigwa pasi, kila moja imekunjwa vizuri. Mtoto hakuwamo.

Hapo ndipo aliposikia kicheko uani.

Noa alikuwa ndani ya beseni, akipiga maji kwa viganja. Bi Mboni alikuwa amemshika mkono bila kuulegeza. Kando yao alikaa Khadija, muuza vitumbua wa jirani, uso umemchoka.

"Mama Noa, pole, na afadhali umerudi!" Khadija akasema. "Bibi huyu katumaliza. Akimpa uji, anatuita tuone anauonja yeye kwanza. Akimwogesha, anatuita. Usiku kakesha na taa, hajalaza ubavu."

Bi Mboni alimtoa mtoto majini, akampeleka kwa mama yake akiwa vilevile, anachuruzika maji. "Mkague mbele ya watu. Kichwa, mgongo, nyayo. Nakurudishia kama nilivyokabidhiwa."

Bertha alimkumbatia mwanawe, akalia kwa furaha na kwa aibu. "Bibi, nisamehe. Lakini ulimpima kwa nini?"

Bi Mboni aliutoa uzi mweusi kwenye pindo la kanga. "Fundo hili ni Zuwena, binti yangu. Urefu wake uliishia hapa. Nilikwenda arusini, nikamwacha nyumba imejaa watu wema, wote niliowaamini. Kila mmoja alidhani mwenzake anamtazama. Na kisima kilikuwa wazi." Aliukaza uzi. "Nguo zile naziomba kwa watu, niwagawie wazazi wasio na kitu. Lakini mtoto akilikaribia fundo hili sipati usingizi. Huongea na Zuwena, namwambia bado kidogo. Boksi la Noa ni zawadi yake ya siku atakayolipita fundo."

Alichutama, akaunyoosha uzi kutoka utosini. Kisigino cha Noa kilikuwa chini ya fundo kwa upana wa kidole.

"Kapita," akasema Bi Mboni, na machozi yakamtoka.

Nehemia aliporudi na habari za chumba kipya, mkewe alimwambia chumba hicho ampe mtu mwingine. Na siku aliyotakiwa Bertha kurudi hospitali kupimwa, Ruthi na shoga wengine wote wa kwaya walijitolea kumshika Noa. Aliwashukuru, akavuka ukumbi, Noa mgongoni na boksi la nguo zake mkononi, akabisha hodi mlango wa pili. Mchawi mpe mtoto akulelee.