Sampuli za Ijumaa

Kaeni vizuri, wenye masikio. Ninayo hadithi, na nawaambia mapema: mwisho wake sinao mimi. Mtautafuta ninyi.

Katika hospitali moja ya Nyanda za Juu Kusini, huko ambako ukungu hauondoki shambani mpaka saa nne asubuhi, walikutana watu watatu. Dkt. Atuganile Mwaisumo alijaliwa akili ya kuuliza, tangu utotoni hakukubali jibu la "ndivyo ilivyo." Mzee Onesmo Kihwele, mtaalamu wa maabara, alijaliwa jicho, akiangalia kitu mara moja, hakisahau. Na Twilumba Sanga, mkulima wa pareto kutoka Makete, alijaliwa moyo. Neno likimtoka, limetoka.

Sasa sikilizeni kazi ya daktari huyo. Mwilini mwa kila mwanamke kuna homoni iitwayo estrojeni. Ndani ya baadhi ya seli kuna vipokezi, mithili ya vitasa, na homoni hiyo huingia humo kama ufunguo. Ziko saratani za matiti zenye vitasa hivyo, na vitasa vikifunguliwa, saratani hukua. Kwa hizo kuna kidonge, kimoja kila siku, kinachoziba tundu la ufunguo. Ziko pia saratani zisizo na vitasa, na kwa hizo kidonge ni kazi bure.

Dkt. Atuganile alipima uvimbe wa wanawake kwa miaka mitatu. Ukitiwa dawa maalumu, wenye vipokezi hugeuka kahawia chini ya hadubini. Usio navyo haubadiliki. Akaona kwamba kwa wagonjwa wake, uvimbe wa saba kati ya kumi haugeuki. Akaandika makala. Makala ikasifiwa ng'ambo, naye akaahidiwa nafasi ya kwenda kusomea huko. Hospitalini kwake madaktari wakaanza kusema, "Wanawake wa huku hawana vipokezi," na wengi wakarudishwa nyumbani bila kidonge.

Mzee Kihwele ndiye aliyepokea vipande vya uvimbe huo kutoka chumba cha upasuaji. Pembeni mwa daftari lake, bila kuagizwa na mtu, aliandika saa kila kipande kilipokatwa na saa kilipoingia kwenye dawa ya kuhifadhia. Dawa hiyo ilikaa stoo, na stoo ikifungwa Ijumaa mchana, siku ya upasuaji mwingi, haikufunguliwa mpaka Jumatatu. Akaona jambo. Vya Jumatatu na Jumanne vingi viligeuka kahawia. Vya Ijumaa, hakuna hata kimoja.

Alijua. Lakini aliwahi kuambiwa na mkuu wake, "Mzee, kazi yako ni kukata, si kusoma." Basi akanyamaza, mwaka mzima.

Siku moja akamsikia Dkt. Atuganile koridoni akizungumza na Twilumba na binti yake, Semeni.

"Kidonge hakitamsaidia mama yako," daktari alisema. "Vipimo vimeonyesha."

Kihwele alikumbuka kipande cha Twilumba. Kilikatwa Ijumaa. Akasubiri mama na binti waondoke, akaingia ofisini na daftari mkononi.

Daktari alisoma kurasa nne, kisha akalifunga.

"Unataka kusema miaka mitatu nimekuwa nikisoma nyama iliyooza?"

"Sijasema iliyooza, daktari. Nimesema iliyochelewa."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

Mzee akanyoosha mkono kulichukua daftari lake. Daktari akaona aibu kwa kuuliza kwa sauti ile.

Lakini daftari si ushahidi. Ilitakiwa uvimbe wa mtu mmoja ukatwe mara moja, ugawanywe: nusu iingie kwenye dawa papo hapo, nusu iachwe kama kawaida ya Ijumaa. Nani angekubali kukatwa tena kwa ajili ya hilo? Twilumba alikwisha kukatwa mara mbili, na uvimbe ulikuwa umerudi kwapani. Kidonda chake cha mwisho kilichukua wiki sita kufunga.

Daktari aliwaomba wagonjwa wengine, wote wakakataa. Basi akamfuata Twilumba mwenyewe mpaka Makete. Alimkuta ameketi kwenye mkeka, akianika maua ya pareto.

"Kamwene, mama," akamsalimu kwa lugha ya huko.

"Kamwene, mwanangu. Umekuja mbali."

Daktari akamweleza yote, na kosa lake hakulificha.

"Nikikubali, nitapona?" Twilumba aliuliza.

"Siwezi kukuahidi, mama."

"Na nikikataa?"

"Sitajua kama nilikosea."

Twilumba aligeuza maua yake kidogo. "Kumbe leo mgonjwa ni wewe," alisema. "Haya. Mtakata. Ila majibu yakija, usinifiche hata moja."

Semeni akalia. "Mama, wamekutesa vya kutosha!"

"Nimeshasema, Semeni."

Akakatwa siku ya Ijumaa. Mzee Kihwele alisimama mlangoni mwa chumba cha upasuaji na chupa ya dawa, akatumbukiza nusu ya kwanza ikiwa bado na joto la mwili. Nusu ya pili akaiweka pale vipande vilipokuwa vikiwekwa siku zote.

Jumatano iliyofuata daktari aliinamia hadubini. Nusu ya kwanza ilikuwa kahawia tele. Nusu ya pili haikuwa na kitu. Nyama ni moja, mwanamke ni mmoja. Vipokezi vilikuwepo tangu mwanzo, vikafa mezani wakati stoo imefungwa.

Akaenda wodini, akamwambia Twilumba: kidonge kitamfaa, ila kingemfaa zaidi mwaka uliopita. Sasa ugonjwa ulikuwa umefika kwenye mifupa.

Twilumba akajiinua kwenye mto.

"Wako wangapi wengine kama mimi?"

"Mia na zaidi."

"Sasa unakaa hapa kunitazama mimi kwa nini? Watafute."

Dkt. Atuganile aliandika barua, akaifuta makala yake mwenyewe mbele ya dunia nzima. Ile nafasi ya ng'ambo ikapewa mtu mwingine. Wenzake wakamkwepa kwenye chai. Akapiga simu, akapanda pikipiki kwenda vijiji ambako simu hazipatikani, na Mzee Kihwele akimsomea majina. Kati ya wanawake mia na kumi na wawili walionyimwa kidonge, waliwakuta hai sitini na mmoja. Wenye uvimbe walipimwa upya. Wasio nao walipewa kidonge kwa tahadhari. Leo, miaka mitano baadaye, arobaini na wanne wanalima, wanafundisha, wanalea wajukuu.

Twilumba alimeza kidonge chake miezi saba, kisha akafariki, wakati wa mavuno ya pareto.

Sasa hospitali imejenga chumba kipya cha kupokelea sampuli, ukuta kwa ukuta na chumba cha upasuaji, ili nyama ya mtu isisubiri tena. Uongozi ukawaambia wale wanawake arobaini na wanne: chumba kitaitwa kwa jina la mtu mmoja. Chagueni.

Wakakutana, na Semeni akaalikwa. Daktari na mzee waliketi nyuma.

Mwanamke mmoja akasema, "Aandikwe daktari. Angeweza kulichoma lile daftari na hakuna ambaye angejua. Alijivunjia jina lake ili sisi tuishi."

"Kosa lilikuwa la nani?" mwingine akauliza. "Mtu apewe zawadi kwa kuzima moto aliouwasha?"

"Na ni wangapi wanaouwasha kisha wakauzima?" wa kwanza akajibu.

Wa tatu akasema, "Bila jicho la mzee, daktari na sisi sote tungekuwa gizani mpaka leo."

Hapo Semeni akasimama. "Mzee alijua mwaka mzima. Angesema mapema, mama angekuwepo hapa."

Mzee Kihwele akainuka taratibu. "Ni kweli, mwanangu," alisema. Akaketi.

"Basi awe Twilumba," akasema bibi mmoja. "Alitoa mwili wake, na hakupata kitu."

"Lakini yeye hakugundua kitu, bibi," akajibiwa. "Daktari angetafuta mgonjwa mwingine."

"Alitafuta. Alimpata nani?"

Walibishana mpaka chakula kikapoa, wakatawanyika bila jibu. Mchora mabango amekwisha kukipaka kibao rangi nyeupe, na amepiga simu mara mbili kuuliza aandike nani.

Aliyeona akachelewa kusema, aliyekosea akakiri, aliyekatwa akafa. Ondoa mmoja, na wale arobaini na wanne hawapo.

Je, wewe unayenisikiliza, ungemwambia aandike jina gani?