Sifa za Jengo la Mselem

Tajiri Mselem alitaka kujenga ofisi za ghorofa saba katikati ya mji, vioo vitupu kuanzia chini mpaka juu, na watu walikuwa wakilinung'unikia jengo hilo. Kabla ya mkutano wa kutoa maoni, alimwendea Mwanakheri, muuza kahawa aliyesikilizwa na mtaa mzima.

"Leo utasimama ulisifu jengo langu. La sivyo, kibanda chako kesho hukioni."

"Nitalisifu mpaka uniambie basi," alijibu Mwanakheri.

Ukumbi ulipojaa, alisimama. "Jamani, jengo hili halina mfano! Karani wa ghorofa ya saba hatachoka na kazi. Ataketi na kiyoyozi chake, na nyua zetu zote zimefunuliwa mbele yake kama sinia la pilau. Atajua nani anaoga, nani yuko na kanga moja." Akamgeukia mwenyekiti wa mtaa. "Hata ua wako, Mzee Faki, utaonekana vizuri kabisa. Mkeo atapungiwa mkono kila asubuhi."

Mzee Faki aliukunja mchoro wa jengo uliokuwa mezani pake, akamrudishia tajiri.

Nje, Mselem alifoka, "Umenimaliza!"

"Mie? Nimekosoa nini?" Mwanakheri alimmiminia kahawa. "Na lifti bado sijaisifu."