Waya wa Nyumba Moja

Sogeeni karibu, na mwenye ulimi wa kuhukumu autunze kidogo, maana mwishoni nitauhitaji.

Katika kijiji kimoja cha milimani, upande wa Rungwe, palikuwa na mafundi watatu. Ambakisye, fundi pikipiki, alijaliwa mikono yenye subira: aliweza kuzungusha waya mara mia tatu asikosee hesabu. Subilaga, mjane mwenye mashine ya kusaga, alijaliwa pua na kiganja: mota ikianza kuchemka, yeye alijua kabla ya wote. Na Lutengano, fundi redio, alijua mambo ya umeme, tena alikuwa na jina. Kitu kikizima, watu walisema, "Peleka kwa Lutengano."

Watatu hao waliamua kutengeneza jenereta ya kuzungushwa na maji ya mto, ili zahanati iliyo kando ya mto ipate taa. Ambakisye alisuka koili, yale mafundo ya waya yanayozaa umeme, kwa miezi miwili. Subilaga alitoa gurudumu na beringi. Lutengano akaachiwa kuchagua diodi, vile vijidude vinavyoupitisha umeme upande mmoja tu ili betri ijae.

Akachomoa nne kutoka kwenye redio mbovu, ndogo kama punje za mchele.

"Fundi," Subilaga akauliza, "hivyo vidogo havitaungua?"

Lutengano akacheka mbele za watu. "Dada, wewe saga unga. Umeme tuachie wenyewe."

Wala hakupiga hesabu. Fundi mzima aonekane anahesabu kwa sababu mwenye mashine ya unga ameuliza?

Jumapili baada ya ibada, kijiji kizima kilijaa zahanati. Maji yakafunguliwa, gurudumu likazunguka, taa ikawaka, vigelegele vikapigwa. Havikufika mbali. Ulitoka moshi, ikaja harufu kali, taa ikazima.

"Koili hizi ni mbovu," mwenyekiti wa kijiji akasema. "Ambakisye, kesho uzifumue zote."

Ambakisye akainama. Lutengano alijua ukweli tangu harufu ile ya kwanza, lakini alitazama viatu vyake, masikio yakiwaka kwa haya. Alimsubiri Subilaga aseme, "Si nilikuambia?" Subilaga naye alijua, ila alinyamaza, akamstiri mwenzake. Kustiriwa kule kulimuuma Lutengano kuliko kusutwa.

Asubuhi alimkuta Ambakisye penye jenereta, ameshika koleo, watu wamemzunguka.

"Acha!" Lutengano akasema. "Koili ni nzima. Kosa ni langu. Niliweka diodi za redio. Dada Subilaga alinionya, nikamdharau."

"Kumbe ndiye fundi wetu huyu!" mtu mmoja akasema, na wengine wakacheka. Lutengano akasimama palepale akachekwa mpaka wakachoka.

Ambakisye akaweka koleo chini, akaenda kwake. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na pikapu ya marehemu baba yake, ambayo kila mwaka aliapa kuifufua. Akaing'oa alternata, kile kijenereta cha gari kinachochaji betri, akaivunja, akatoa diodi nene za gari.

Subilaga akazigusa, akaenda jikoni kwake, akarudi na mifuniko miwili ya sufuria. "Zipachikeni humu, joto lipate pa kukimbilia. Nami nitafunikia wali sahani."

Lutengano akapima diodi moja moja kwa mita yake ya umeme, akajua ipi ielekee wapi, akaziunga zote.

Alasiri maji yakafunguliwa tena. Taa ikawaka. Saa nzima ikapita, mifuniko ikawa na uvuguvugu tu.

Sasa sikieni. Ulibaki waya wa kuvuta umeme hadi nyumba moja tu, na kijiji kikasema uende kwa aliyestahili.

"Ni Ambakisye! Amebeba lawama isiyo yake, na pikapu ya baba yake haitanguruma tena."

"Ni Subilaga! Aliona kabla ya wote."

"Aliona, mbona Jumapili alinyamaza, Ambakisye akalala na aibu ya bure?"

"Basi ni Lutengano. Asingekiri, koili zingekuwa zimefumuliwa."

"Alipwe kwa kukiri kosa lake mwenyewe?"

Mwenyekiti akachoka, akamtwika Lutengano waya ule begani. "Wewe ndiye uliyesema kweli. Amua wewe."

Jasho likamtoka Lutengano. Akiupeleka kwake, atauzimaje moto wa masikio kila akiwasha taa? Akimpa Ambakisye, ni kama kumlipa kwa siku moja ambayo yeye Lutengano alinyamaza. Akimpa Subilaga, ni kama kununua msamaha ambao bado hajauomba, maana kijiji kizima kilimsikia akikiri, lakini Subilaga hakumsikia akimwambia, "Dada, niwie radhi."

Nimemwacha hapo njia panda, waya begani, macho chini. Nanyi mnaonisikiliza, waya huo ungekuwa begani mwako wewe, ungekwenda kubisha hodi kwa nani?