Kijani cha Bangili ya Mwana Zena

Rangi ya motoni haipozwi mtungini. Mmemsikia shangazi yenu akimwambia hivyo mtu mwenye haraka, nanyi mkacheka. Basi sogeeni, wajukuu, mjue maneno hayo yalitoka nyumba gani.

Methali hii ilianza hivi. Katika mji mmoja wa visiwani aliishi sonara aliyeitwa Lali wa Msham. Kwa miaka thelathini alifua bangili na vikuku vya fedha nyeupe, bila rangi yoyote. Mkono wake ulikuwa na desturi ya masonara wote: kitu kikitoka kwenye makaa, koleo hukichukua moja kwa moja hadi kwenye mtungi wa maji uliopo ubavuni. Chwaa! Kimepoa, kazi inaendelea. Lali alifanya hivyo huku akizungumza, wala hakuhitaji kuutazama mtungi.

Mkewe, Mwana Zena, alikuwa anapofuka. Ukungu ulimwingia machoni pole pole, na dawa zote zilishindwa. Alikuwa hamtambui tena mtu mpaka aseme. Kilichombakia ni rangi tu, nazo aliziona asubuhi peke yake, jua linapoingia kwa mlango wa uani. Siku moja, akichambua mchicha, alisema bila kulalamika, "Bwana, naona kijani kinaniaga."

Lali alijua mkewe amekulia kwenye mashamba ya mpunga, na kwamba katika rangi zote za Mungu hakuna aliyoipenda kama kijani cha mpunga mchanga. Akaazimia kumtilia kijani hicho kwenye bangili, akione angalau mara moja mkononi mwake kabla macho hayajafunga.

Lakini kazi ya kutia rangi hakuijua. Alianza kama mtoto anavyoanza kutembea. Alisaga kioo cha chupa, akakijaza kwenye fedha, akakichoma. Kikabanduka chote kama magamba. Mara ya pili hakungoja unga ukauke, ukachemka ukawa mapovu. Mwana Zena alikuwa akisikia mumewe akiguna, naye humpelekea kahawa na kuketi karibu, asiulize kitu.

Mwishowe sonara mmoja mgeni, aliyekuwa akipita kwenda kwao, alimwonea huruma. Alimpa kipande cha kioo cha kijani, kikubwa kama tunda la kungu, kilichotengenezwa makusudi kwa kazi hiyo. "Ndicho nilichobakiwa nacho," alisema. "Kisage, kioshe, ukijaze kwa ncha ya unyoya, ukikaushe. Kikitoka motoni kitakuwa cheusi, usihofu. Kiache kipoe chenyewe, rangi itakuja. Ila maji, ndugu yangu, usikionyeshe kabisa."

Lali alichonga majani saba kwenye bangili, akachimba kila jani liwe kama kitanda kidogo cha kulaza unga ule. Ilimchukua siku nne. Siku ya tano, asubuhi, alipuliza makaa, akaiingiza bangili. Mwana Zena aliketi mlangoni, pale jua lilipoanguka.

"Bado?" aliuliza.

"Rangi inayeyuka. Sasa inang'aa kama maji."

"Fanya taratibu, Bwana. Mimi nipo."

Lali aliitoa. Ilikuwa nyeusi, kama alivyoambiwa. Akaishika kwa koleo, akingoja. Akalitazama jua. Lilikuwa limeshaacha miguu ya mkewe, linarudi uani.

"Bwana," alisema Mwana Zena, na safari hii sauti yake ilitetemeka, "leo jua limekuwa dogo. Au ni mimi?"

Jua lilikuwa vile vile kama jana. Lali alielewa. Moyo ukamruka, na mkono, ambao kwa miaka thelathini haukuwa na njia nyingine, ukaenda ulikozoea.

Chwaa!

Kisha ikasikika sauti ndogo, ta, ta, ta, kama mchele kwenye sufuria. Alipoitoa bangili, majani yote saba yalikuwa matupu. Kijani kilikuwa ndani ya mtungi, chini kabisa, vumbi na vipande vyembamba visivyoshikika.

Lali alisimama na koleo mkononi. Mwana Zena akanyoosha mkono. "Nipe."

"Mwana, imeharibika..."

"Nipe, nimesema."

Alimpa. Mwana Zena akaigeuza kwenye jua lililobaki, akaiinua karibu na uso, akatabasamu. "Nimekiona," alisema. "Kijani chenyewe hasa. Mpunga wa wiki mbili."

Alikuwa ameuelekeza machoni upande wa ndani wa bangili, usiochongwa kitu. Lali aliona hivyo, akajua anachofanyiwa. Akapiga magoti, akalia kwenye mapaja ya mkewe, naye akampapasa kichwa kama mtu anayembembeleza mtoto.

Kabla mwezi ule haujaisha, macho yalifunga. Mwaka uliofuata Lali alipata kioo kingine, akatia rangi bangili nyingine, akaifukia kwenye jivu la moto na kuiacha mpaka kesho yake. Ikatoka nzuri mno. Mwana Zena aliipitishia kidole, akasema ni laini. Hakusema zaidi, na aliyoivaa mpaka anazikwa ni ile yenye majani matupu.

Watu hawakosi maneno. Jirani mmoja alimchokoza kisimani, "Sonara gani huyo, mke wake anavaa bangili yenye mashimo kama jino bovu?"

Mwana Zena angeweza kusema: mume wangu alifanya haraka. Hakusema. Alijibu tu, "Rangi ya motoni haipozwi mtungini, shoga." Kosa akaliweka kwenye moto na maji, mumewe akamtoa lawamani.

Wanawake wakayabeba maneno yake pamoja na maji yao, wakawaambia watoto wenye papara, na wachumba, na wapishi. Wakayasema kwa kicheko, kwa sababu hawakujua. Aliyejua ni Lali, na kila alipoyasikia njiani aliinamisha kichwa.

Maana mwenye haraka, wajukuu zangu, pengine si mjinga. Pengine anamwona mtu wake akiondoka. Kwa hiyo mkitaka kumkanya, mkanyeni kwa sauti ya Mwana Zena: rangi ya motoni haipozwi mtungini.