Mwanamvua na Mkeka wa Malkia

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni motoni. Wenye usingizi wakae nyuma, na mwenye karanga asizile peke yake. Leo nawaletea mtu ninayempenda mimi mwenyewe, na msiponyamaza nitampeleka kwa wengine.

Hapo zamani za kale, enzi za watu na wanyama kusalimiana njiani na kuulizana habari za watoto, palikuwa na binti mmoja katika mji wa Kitongani, jina lake Mwanamvua. Alikuwa msusi wa mikeka. Wasusi walikuwa wengi, lakini huyu alipenda mambo ya kale kupita kiasi. Mgeni akipita, atamkamata: "Mji wenu ulianzaje? Mababu zenu walivaa nini? Majini yenu yanakaa wapi?" Akimkuta Kobe njiani, atamkalisha kivulini: "Babu Kobe, hebu nieleze ile vita ya zamani." Kobe ataeleza, polepole, polepole, polepole, mpaka jua lipinduke, na binti hachoki. Kisha yote aliyoyasikia huyatia mkekani kwa majani ya ukindu aliyoyachovya rangi. Jamani, ilikuwa mikeka! Mtu aliona haya kuikalia.

Mwanamvua alilelewa na shangazi yake, Bi Kidawa, ambaye ndiye aliyemfundisha kusuka. Sasa Bi Kidawa alikuwa mzee, macho yamezimika, na maradhi yamemlaza. Asubuhi moja akasema, "Mwanangu, nilipokuwa mdogo nilisimuliwa habari za mkeka wa Malkia Sitina. Aliusuka kwa mkono wake. Aliwasuka watu wake siku walipouingia mji, ngoma mbele, mbuzi nyuma. Vita ikaja, mji ukawa magofu, mkeka ukabaki humo. Natamani niupapase japo mara moja."

"Nitakwenda," akasema Mwanamvua.

"Huko kuna Chatu."

"Nitakwenda."

"Anameza watu!"

"Shangazi, nitakwenda."

Akabeba kapu lililojaa ukindu, akaenda, akaenda, akaenda, hata akafika magofuni. Kuta zimemea majani, milango iko wazi. Mara akasikia sauti nzito.

"Nani anakanyaga nyumba ya malkia?"

"Ni mimi, Mwanamvua wa Kitongani. Shikamoo, babu."

Chatu akanyanyua kichwa. Tangu mji uwe magofu hakuwahi kuamkiwa. "Marahaba," akasema. "Wa kwanza alikuja kutafuta dhahabu, nikammeza. Wa pili alitaka milango, nikammeza. Wa tatu alitaka mawe ya kujengea zizi, nikammeza, na mpaka leo tumbo linaniuma. Wewe wataka nini?"

"Nataka mkeka."

"Uuchukue?"

"Niuone, niushike, nijifunze."

Chatu akauondoa mkia mlangoni. "Ingia. Lakini kinachosukwa humu kinabaki humu. Ukitoka na hata jani moja la ukindu, nakumeza."

Mkeka ulikuwa katika chumba cha ndani. Mchwa walikuwa wameula, pamebaki kipande tu, lakini kipande gani hicho! Rangi nyekundu bado inawaka. Watu wadogo wamefuatana, kila mmoja na mwendo wake. Mwanamvua akapiga magoti, machozi yakamtoka. Kisha akakaa, akaanza kuuiga.

Akasuka. Alipomaliza safu, watu wakawa wanatembea kinyumenyume. Akafumua.

Akasuka tena. Watu wakapeana visogo. Akafumua.

"Mkono wako mdogo," akasema Chatu. "Nenda kwenu."

Mwanamvua alikipindua kile kipande, akafuata kwa kidole kila jani linapoanzia na linapopitia. Ghafla akacheka kwa furaha. "Babu! Malkia alikuwa mashoto!"

Chatu akasogea karibu. "Mashoto," akanong'ona. "Naam. Alikuwa akinilisha mayai kwa mkono wa kushoto. Mimi nalinda nyumba yake miaka na miaka, na nilikuwa nimeusahau mkono wake." Akajikunja, akaficha kichwa.

Mwanamvua akahamisha kazi mkono wa kushoto. Vidole vikagoma, vikauma, vikazoea. Watu wakaanza kuuingia mji. Alipofika palipoliwa na mchwa akauliza, "Hapa palikuwa na nani?" Chatu akamweleza: mpiga ngoma kilema, aliyeongoza msafara wote, bibi aliyebeba moto kwenye chungu, mbuzi mkaidi aliyefungwa kwa kilemba. Akimweleza mmoja, binti anamsuka mmoja. Sijui nani alifurahi zaidi, mwenye kusimulia au mwenye kusuka.

Mkeka ukatimia. Ulikuwa mzima, kama malkia ndiyo kwanza anyanyuke.

Mwanamvua akamkumbuka shangazi yake kitandani. Akaushika mkeka, akautazama mlango, akamtazama Chatu. Chatu naye hakupepesa macho.

Akautandika chini, pale pale malkia alipokuwa akikaa. "Huu ni wa nyumba hii, babu. Mimi naondoka na mikono yangu tu."

Chatu akajivuta pembeni. "Pita, mjukuu wangu. Mikono sikuikataza."

Akarudi mbio. Akamkuta Bi Kidawa angali hai, ila sauti imekuwa nyembamba. Hakupumzika. Akasuka mwingine, kwa mkono wa kushoto, kando ya kitanda. Alipomaliza akautandaza, akauchukua mkono wa shangazi yake na kuuweka juu. Kila mtu mkekani alikuwa amenyanyuliwa kidogo kwa mafundo, kidole kiweze kumjua.

"Huyu mpiga ngoma," akasema Bi Kidawa. "Anachechemea, maskini! Huyu ana chungu. Ha, mbuzi huyu ana kiburi!" Vidole vikasogea mpaka mwisho wa safu, vikasita. "Na huyu mrefu aliyelala mlangoni ni nani? Huyu sikusimuliwa."

"Ni Chatu, shangazi. Malkia hakumsuka. Nimemtia mimi."

Bi Kidawa akacheka, kicheko cha siku za uzima wake, kikasikika hadi kwa jirani. "Vizuri, mwanangu. Na yeye alikuwapo."

Kijiti changu cha moto nakizima hapa, hadithi imeishia. Atakayeisimulia kesho, asimwache Chatu nje.